Kiti cha Bi Chanuo

Bi Chanuo hakuwa kiziwi. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na aliyembishia aliambiwa achunge mdomo wake. Wenye kasoro walikuwa watu wengine, ambao siku hizi walimumunya maneno kama wana pipi mdomoni.

Alikuwa msusi tangu usichana wake, na jina hilo alipewa na wateja kwa kuwa chanuo halikumtoka kichwani. Kiti chake kilikuwa cha kwanza, karibu na dirisha, na waliokikalia hawakufuata nywele peke yake. Walikuja kutua mizigo. Mke aliyechoka, mchumba mwenye wasiwasi, wote walinong'ona huku vichwa vyao vimo mikononi mwake, naye akawajibu mawili matatu, wakaondoka wamependeza na wamepumua. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa yeye.

Masikio yalipoanza kumtupa mkono, hakumwambia mtu. Msusi husimama nyuma ya mteja na kumtazama kwenye kioo, basi akajifunza kusoma midomo humo humo kiooni. Akaiweza kazi hiyo, akaanza kujisifu kimoyomoyo. Alichosahau ni kwamba asiyesikia sauti ya mwenzake hasikii na yake pia.

Siku moja mwalimu, mteja wake wa miaka mingi, akamnong'oneza kwamba anataka kumwacha mumewe. Bi Chanuo aliisoma midomo yake vizuri kabisa. Akamjibu kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Mwache, mwanangu. Hata umechelewa." Saluni nzima ikageuka. Wifi yake mwalimu, aliyekuwa kwenye mashine ya kukaushia nywele inayonguruma, naye akainua kichwa. Mwalimu akaondoka nusu ya kichwa haijasukwa.

Bintiye Bi Chanuo, ambaye ndiye anayeiendesha saluni sasa, hakungoja kesho.

"Mama, kiti cha mbele nampa mwingine. Wewe utakaa huko nyuma, utufulie taulo."

"Taulo?"

"Umenisikia."

"Nimekusoma," alisema Bi Chanuo, na kumbe ndiyo kwanza amejitia kitanzi.

"Basi kesho tunaenda kupima masikio. Ukipata kifaa cha kusikia kinachokufaa, kiti chako. Usipopata, taulo."

Akaenda, lakini kwa shari. Mpimaji wa masikio alikuwa baba wa makamo, mpole, asiye na haraka. Akamkalisha kwenye chumba kidogo kisichopitisha sauti, akamvisha hedifoni na kumpa kitufe. "Ukisikia mlio, hata uwe mdogo vipi, bonyeza." Mwenyewe akakaa na mashine yake upande wa pili wa kioo.

Bi Chanuo hakusikia kitu. Ila aliona bega la yule bwana likicheza kila alipoigusa mashine, na mambo ya kioo mwachie msusi. Bega likicheza, anabonyeza. Likitulia, anatulia. Alikuwa anajiona amewaweza wote pale mpimaji alipofungua mlango.

"Mama, una masikio mazuri kuliko yangu."

"Mwambie huyo binti."

"Tatizo ni kwamba mashine nilishaizima. Hapo mwisho nilikuwa najikuna."

Bi Chanuo akachukua mkoba wake. Kwake yeye aibu na hasira ni ndugu wa tumbo moja. Mpimaji hakumzuia, alisema tu, "Nikikuchagulia kifaa kwa majibu haya, utakuwa umevaa pambo. Kiti utakikosa vilevile." Kumbe binti alishamweleza yote.

Bi Chanuo akarudi chumbani. Safari hii kiti kiligeuzwa, akatazama ukuta. Alikaa na kitufe mkononi, akangoja, akaendelea kungoja, na kidole hakikupata kazi. Hapo ndipo alipojua ukubwa wa kile alichokuwa amepoteza. Alilia, na sitasema ni vumbi lililomwingia machoni.

Mpimaji akafungua mlango, binti yuko nyuma yake, akamwuliza, "Unataka kusikia wapi hasa?"

"Kitini kwangu. Mtu akininong'oneza."

"Mpe kile kidogo kinachozama ndani ya sikio," binti akadakia. "Wateja wasijue."

"Kile hakina nguvu ya kumtosha. Halafu kuna mvuke, kuna mafuta ya nywele mikononi, na vitufe vyake ni vidogo mno. Kinachomfaa ni hiki cha kukaa nyuma ya sikio. Kinaweza kuifuata sauti ya mtu aliye karibu hata kukiwa na kelele."

"Lakini kitaonekana."

"Kionekane," alisema Bi Chanuo. "Maisha yangu yote nawapamba watu waonekane, leo mimi ndiye nijifiche? Kipo chekundu?"

Kilikuwepo. Siku za mwanzo mashine za nywele zilimngurumia kama malori, akarudi kwa mpimaji akigomba, akarekebishiwa, akarudi tena akigomba, akarekebishiwa tena. Yule bwana alimwambia ndivyo inavyotakiwa, isipokuwa huko kugomba. Bi Chanuo akanyoa nywele za pembeni, wekundu ule uonekane tangu mlangoni.

Kisha akaenda mwenyewe kwa mwalimu kumwomba radhi, na kumwomba akae kitini mara moja tu.

Mwalimu alikuja. Bi Chanuo akakizungusha kiti mpaka kikakipa kioo kisogo, akasimama nyuma yake mahali ambapo hakuna mdomo wa kusoma. Binti akaacha kazi yake, akakunja mikono kutazama.

"Haya, mwanangu. Nong'ona."

Mwalimu akanong'ona. Bi Chanuo akainama, akamjibu sikioni, na mwalimu akacheka mpaka mabega yakatikisika. Binti, aliyesimama hatua chache tu kutoka hapo, hakuambulia hata neno moja.

"Kasema nini?"

"Kwani wewe huna masikio?" Bi Chanuo akamwuliza kwa sauti ya chini, kisha akamrushia taulo akafue.