Shamba la Makaa Ukutani

Kaka yangu alirudi kutoka vita vya Bama, alikopigana na Wajapani, na koti la jeshi na herufi moja ya Kijapani. Koti lilichakaa. Herufi alikaa nayo kimya mpaka mwanzoni mwa miaka ya hamsini, siku moja ya mvua, tukiwa tumejibanza kibandani kwetu kwenye shamba la pareto juu ya Njoro. Hapo mama na sisi wawili tulikuwa maskwota: tunamfanyia kazi Bwana, mlowezi Mzungu, naye anatuachia kipande cha kulima viazi mpaka atakapobadili nia.

Alichukua kipande cha makaa akachora ukutani, kando ya mlango, kisanduku chenye msalaba ndani: 田.

“Hesabu mistari,” akaniambia.

Mimi nilikuwa nauza viazi sokoni Nakuru, na sokoni asiyehesabu mara mbili analala njaa. “Sita,” nikasema. Nikarudia. “Sita.”

“Umepunjwa, dada yangu. Ni mitano. Wa juu na wa kulia ni mkono mmoja, hauinui kalamu. Na huu wa chini unakuja mwisho kabisa. Hufungi boma ng’ombe wakiwa bado nje.”

Alifundishwa na mfungwa wa Kijapani ambaye kaka alipewa kumlinda, mkulima kabla ya vita, waliyempa bustani ya mboga apalilie. Yule alichora udongoni kwa kijiti, akaonyesha matuta, akachora tena, mpaka kaka akaelewa: ni shamba. Kwa kweli ni shamba la mpunga, lakini kule juu ya Njoro mpunga tuliujua kwa kusikia tu, tukakubaliana liwe la viazi.

“Sasa inasomwaje?”

“Ta. Hiyo ni ikiwa peke yake. Ikiandamana na nyingine, mara nyingi inasomwa den. Ukiitangulizia ile ya maji inakuwa suiden, shamba lililojaa maji.”

“Kitu kimoja, majina mawili? Huyo mfungwa alikuuzia debe lenye vibovu chini.”

“Na mimi je? Hapa ndani ni kaka, nikienda kwa Bwana ni boi. Mimi ni wangapi?”

Nikageukia biashara. Kisanduku kilikuwa na vipande vinne na sisi tulikuwa watatu. Cha nne ni cha nani? Akasema ni cha mke atakayemwoa. Nikamwambia mtu ambaye hajapatikana hawezi kupewa kipande cha juu, mimi nipo. Akataka nimlipe. Nikampa madebe mawili ya viazi visivyokuwepo, akasema visivyokuwepo pia vina bei, niongeze. Tulivutana mchana kutwa.

“Mkimaliza kugawana,” mama akasema akikoroga chungu, “mniambie mimi nalala wapi.”

Tulicheka, ila kaka hakucheka mpaka mwisho. Bwana wetu naye alitoka vita hivyo hivyo, na serikali ilimshukuru kwa kumpa ardhi ambayo farasi wake alichoka kabla ya kuimaliza. Kaka alishukuriwa kwa koti. Kwa hiyo mama alipokandika upya ukuta, kaka alisimama mbele ya mchoro wake akamwambia, “Hapa usipapake.” Ukabaki.

Halafu hali ya hatari ikaingia, serikali ikiwasaka waliokula kiapo cha kupigania ardhi. Asubuhi moja lori lilisimama mbele ya vibanda, tukatolewa nje, wanawake wazee huku, wengine kule, tuchuchumae. Ofisa kijana, Mzungu, alipita na askari wawili akichungulia ndani. Kwetu, mimi na kaka tukiwa tumechuchumaa mlangoni, akasimama.

“Hii kitu gani?”

Siku hizo alama yoyote isiyojulikana ilikuwa ya kiapo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Niliutazama mchoro, nikaona Mungu amenisaidia.

“Dirisha, Bwana. Mtoto alichora dirisha.”

Ofisa aliuangalia ukuta wetu usio na dirisha hata moja, akatabasamu kidogo. Nimeona wanunuzi wengi; huyu alishakubali bei. Mguu wake ulikuwa umeshageuka.

“Si dirisha, Bwana,” kaka akasema. “Ni shamba.”

Ule mguu ukarudi. “Shamba ya nani?”

“Letu.”

Neno hilo, kwenye ardhi ya Bwana, mwaka ule! Askari walimwinua kwa kola. Nilimfuata mpaka kwenye lori nikimzomea kwa lugha yetu: “Umepewa bei nzuri namna ile, unaikataa? Mjinga wewe!”

“Nilifundishwa maana moja tu,” akasema. “Sina nyingine ya kumpa.”

“Mjinga!” nikarudia, na lori likaondoka.

Miaka michache baadaye mtu aliyefungwa naye alinitafuta sokoni, akaniambia homa ilimchukua huko kizuizini. Nilimuuliza kama aliacha neno lolote. Akafikiri kwa uaminifu, akasema hapana. Viazi vyangu siku ile niliviuza kwa bei ya kwanza niliyotajiwa.

Ningali naamini bei yangu ilikuwa nzuri. Angekuwa mzee leo, tunagombana. Lakini kitu alichoulizwa kilikuwa chake, nami nilikuwa dalali ambaye hakutumwa.

Mama siku ile ya lori alikuwa amechuchumaa upande wa wazee. Aliuona mdomo wangu ukienda, hakusikia. Jioni aliniuliza nilimwambia nini mtoto wake. Nikamwambia nilimwambia aende salama.

“Afadhali,” mama akasema. “Angalau mmoja wetu alimuaga.”