Siku Niliyomsahihisha Mkalimani

Naona aibu kuandika haya, lakini nisipoandika nitaanza kujidanganya kwamba kosa halikuwa langu, na lilikuwa langu tupu.

Mjomba wangu alikuwa mpiga ligombo, kile kinanda cha nyuzi, wa chifu wetu. Alikula kwa chifu, shamba alipewa na chifu, na kila baraza alimwimbia kwa Kibena, kwanza sifa, halafu makosa yake, waziwazi, watu wote wanasikia. Desturi ni kwamba kilichoimbwa hakuna anayekirudia kwa kusema. Chifu hujifanya hakusikia, siku zikipita anarekebisha kimyakimya. Mwaka juzi alirudisha ng'ombe wa watu hivyo hivyo.

Basi siku ile, pale Makambako, Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, akaja barazani, na mjomba akaimba kwamba chifu amewanyang'anya wajane vinyungu vyao, yale mashamba ya bondeni, akampa mkwewe. Akaimba kwa kirefu, na mzee karani, ndiye mkalimani, akatafsiri kwa kifupi tu: "Anamsifu chifu, bwana."

Mimi (nimetoka shule juzi, soksi nimezivuta mpaka magotini) nikaona huyu mzee Kiingereza kimemshinda, nikanyoosha mkono.

"Kaa chini, wewe," karani akaninong'oneza.

Sikukaa. Bwana Shauri akaniita mbele, nikatafsiri mstari kwa mstari, bonde, wajane, mkwe, na alivyozidi kuandika ndivyo nilivyozidi kupaza sauti, nikidhani watu wamenyamaza kwa kunistaajabia.

Bwana Shauri akamgeukia chifu. "Ni kweli?"

Angejibu nini, mbele ya watu wake na kalamu ya Mzungu? Akasema ni uongo. Na kama ni uongo basi mwimbaji ni mwongo, kwa hiyo mjomba akafukuzwa palepale, na shamba aliache.

Tukashika njia ya Njombe kwa miguu.

"Mwipwa," akasema mwishowe, "yule karani Kiingereza anakupita mbali."

"Nisamehe, mjomba."

"Mimi nitalima kwingine. Wale wajane je? Chifu angewarudishia kabla ya kupanda. Sasa akiwarudishia, amekiri kwamba alidanganya."

Leo nimepita bondeni. Mkwe wa chifu anapanda mahindi. Mjane mmoja amesimama barabarani na jembe lake begani, akanisalimia, "Kamwene, msomi," kwa upole kabisa.

Nimeapa kwamba siku nyingine mtu akiimba mbele ya mkubwa, nitatazama kwanza ni akina nani wamenyamaza, ninyamaze nao.