Muuaji Ni Yule Mupole

Kosa ni ya mwalimu wetu wa masomo ya jioni. Alisema kila mutu asome kitabu moja kwa wiki, yoyote ile, halafu aihadithie mbele ya darasa kwa Kifaransa. Mi niko na miaka arobaini na tatu, na kitabu niliyokuwa nimesoma mpaka mwisho ni Msahafu peke yake. Nikaanza na zile nyepesi. Daktari anampenda bibi wa farmasi, bibi anakataa, mi nalia, maharagi inaungua. Wiki tatu watu wa nyumba walikula maharagi nyeusi.

Za mapenzi zikaisha kwa kabati ya darasa. Zikabaki za polisi, zenye damu kwa jalada. Nikasema bismillahi, nikafungua. Astaghfirullah, ni tamu! Kwa ya kwanza muuaji alikuwa daktari mupole. Kwa ya pili, mukwe mupole. Kwa ya tatu sikungoja polisi. Nilitafuta tu mutu mwenye adabu, nikamupata kwa ukurasa ya kumi na mbili.

Sasa wakati ule binti yangu alikuwa amepata muchumba, fundi viatu hapa Bwiza. Kijana mupole. Akinisalimia anaangalia chini. Akinywa chai anaosha kikombe mwenyewe. Mwanaume gani anaosha kikombe? Halafu Alhamisi moja baada ya alasiri nikapita kwa kibanda yake: imefungwa. Jioni binti ananiambia, "Leo alishinda kwa kazi, mama." Nikaiandika nyuma ya daftari yangu ya sarufi.

Wiki ile ile wazee wa kijana wakaja naye kuposa. Kwetu siku hiyo mama anakaa nyuma ya rido, pazia ya mulango, na wanawake, wanaume ndio wanaongea. Mwisho kaka yangu anauliza kama mama ana neno, na mama anajibu, "Apana, mumesema yote." Maneno tatu. Hata mutoto anaweza.

"Dada, uko na neno?"

"Niko nalo. Muulizeni kijana, Alhamisi baada ya alasiri alikuwa wapi."

Dada yangu akanifinya paja. Mzee wao akaanza kutafuta viatu vyake mulangoni. "Kama binti hatolewi, si mungetuambia kwa simu?" Pembeni yangu binti alikuwa analia ndani ya mutandio.

Ndipo kijana akasema pole pole, "Mama, nilikuwa chuoni, na watoto. Sijui kusoma Msahafu. Ninaanza na alifu. Binti yako nilimudanganya, niliona haya."

Na mi ndiye nakaa darasani na watu wa rika ya binti yangu, nikipita kwa majirani naficha daftari ndani ya kitenge! Polisi mukubwa, mi! Nikasahau rido, nikatoka mbele ya wazee na kandambili moja.

"Mzee, kaa, tafadhali. Nimekosa mi. Ni vitabu ninazosoma."

"Vitabu gani?"

"Za wauaji."

Mzee akamuangalia kaka yangu. "Huyu ndiye mama mukwe?"

"Ndiye," kaka akasema. "Hatuna mwingine."

Mzee akamugeukia kijana. "Umesikia mwenyewe. Bado unataka?"

Kijana hakuinua macho. "Binti namutaka, mzee. Mama nitamuzoea."

Wakacheka mpaka wanawake wa nyuma ya rido. Mzee akakaa. Fatiha ikasomwa, na mi niliitikia amina kwa sauti kuliko wanaume wote.