Mkwe Wangu Alipoikalafati Pikipiki

Mwaka wenyewe siujui kwa namba, mwanangu. Ni mwaka ule tuliokula makopa, ile mihogo mikavu, asubuhi na jioni, wali ukawa wa harusini tu, na mashelisheli tukayachemsha hata hayajakomaa. Nakumbuka siku moja ya mwaka huo, jua ndiyo kwanza linachomoza, na mpaka leo nikiigusa siku hiyo moyo unaruka kama kuku aliyemwagiwa maji.

Binti yangu Zuhura alikuwa na mimba yake ya kwanza. Alikuja kwangu, huku kisiwani, upande wa Kirongwe, maana kwetu mimba ya kwanza humaliziwa kwa mama. Alfajiri ile uchungu ukamshika. Hospitali iko Kilindoni, na Kilindoni si karibu kwa mtu aliyeshika kiuno. Tukampigia simu mumewe, Makame, akaja na pikipiki yake.

Huyu Makame ni mtu wa Jibondo. Ukoo wao wote ni mafundi wa vyombo vya baharini. Mtoto wa kule anajua kukalafati, yaani kushindilia pamba kwenye upenyo wa mbao kabla hajajua kufunga kikoi. Kijana mzuri, mwenye adabu, sikatai. Ila akiona tundu, mikono inamwasha.

Nikainama kumchukulia Zuhura furushi la khanga zake. Hapo ndipo nilipoona mafuta meusi yamedondoka kwenye mchanga wangu niliotoka kuufagia. Nikafuata kwa macho. Mama yangu! Gurudumu la nyuma lilikuwa linang'aa kama kichwa cha bwana harusi.

"Makame, baba, hii nini?"

"Ah, mama, jasho tu hilo. Na yenyewe inachoka."

Sasa ujue, mwanangu, mkwe ni mtu wa kuheshimiana naye. Humkazii macho, humpandishii sauti. Lakini mimi nakamua mafuta ya nazi tangu sijavunja ungo, na mafuta nayajua tabia yake: hayatokei yanapoonekana. Debe likivuja juu, utaliona limelowa chini, nawe utahangaika na chini mpaka ufe. Dawa yake ni moja. Unalifuta likauke, unalinyunyizia unga, unakaa unatazama. Pale unga unapolowa kwanza ndipo penye jeraha.

Nikaifuta ile injini kwa kitambaa cha zamani. Nikaingia ndani nikatoka na unga wa makopa, chakula chetu cha mchana, nikaurushia.

"Mama!" Makame akashika kichwa. "Unailisha pikipiki ugali?"

"Na mboga nitaipa. Washa."

Akawasha. Nilitegemea kuona jeraha moja. Unga ukalowa pale mnyororo unapotokea kwenye injini, tena kwa kasi. Kisha ukalowa ubavuni. Kisha huku juu. Chuma kizima, hakina ufa, kinatoka mafuta kila maungio kama mtu anayetokwa damu puani na masikioni! Na yale ya kwenye mnyororo ndiyo yaliyokuwa yakirushwa gurudumuni.

Ndipo nikaona kimpira chembamba kama mrija kinachoning'inia juu ya injini, mdomoni kimejazwa kitu cheupe. Nikakinusa. Pamba! Pamba iliyolowekwa sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka vyombo.

"Nani kafanya haya?"

"Mimi, mama," akasema, tena kifua mbele. "Palikuwa panadondosha kidogo, nikapakalafati. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

Nikamwambia ampigie fundi wake wa Kilindoni, sauti aiweke juu nisikie. Fundi aliposikia, akapiga ukelele mpaka simu ikakwaruza:

"Makame! Hiyo ni pua ya injini! Umeiziba pua, ipumulie wapi? Pumzi imekosa njia, imesukuma nje sili, ile mipira inayozuia mafuta. Chomoa pamba, uniletee nitie sili mpya."

Makame akachomoa pamba, akalipangusa gurudumu, akanigeukia. "Tayari, mama. Namfikisha hospitali kwanza, nikitoka huko naipeleka kwa fundi."

Nikalitazama gurudumu. Nikamtazama binti yangu, tumbo mbele, jasho linamtiririka. Nikasema:

"Hapandi mtu. Mkasirike, mnune, hapandi mtu."

Zuhura akaanza kulia. "Mama, utanivunjia ndoa!" Uchungu ukamkata maneno, akainamia ukuta. Nilijua mtoto akifia mlangoni kwangu, kisiwa kizima kitasema bibi yake ndiye aliyemzuia.

Makame akapanda peke yake kwa hasira, aende kutafuta gari. Hakufika mbali. Pale kwenye kona ya mkorosho, mbele ya macho yetu, gurudumu la nyuma likamponyoka kama sabuni. Pikipiki ikalala, ikaburuzika. Upande uliolala chini ndio upande ambao Zuhura hushushia miguu akikaa kiubavu.

Akainuka, goti limechunika, hakugeuka kutazama nyuma. Akaenda mbio anachechemea mpaka kwa mwenye gari la nazi, na gari hilo ndilo lililotufikisha. Mjukuu wangu akazaliwa adhuhuri, mzima, sauti yake kubwa kuliko ya mwadhini. Fundi akatia sili mpya, akaosha breki za nyuma, kile kimpira akakirudisha mahali pake, wazi.

Mwanangu, nisikilize. Kuziba ufa ni akili, lakini uliza kwanza kama ni ufa au ni dirisha. Kuna tundu la kuzibwa na kuna tundu la kupumulia, na usiyejua tofauti yake usiwe mwepesi wa pamba. Ukiona mafuta, futa, tazama yanaanzia wapi, ndipo ushike spana. Ukishatengeneza, jaribu peke yako kabla hujampakia mtoto wa mwenzio. Na heshima ya mkwe ni kubwa, lakini haimrudishi maiti.

Mungu akupe macho ya kuona tone kabla halijawa dimbwi. Akupe kazi ya halali na safari za kurudi nyumbani. Amina.

Na mkinijia tena na pikipiki inayodondosha, mkaniambia, "Bibi, ni kidogo tu," jawabu langu halijabadilika:

"Hapandi mtu. Mkasirike, mnune, hapandi mtu."