Kiti cha Jilala

Nakumbuka siku wakwe walipokuja kwetu Kishapu kupanga mahari yangu. Asubuhi hiyo baba alimfungia kaka yangu Maduhu kwenye ghala la pamba. Maduhu alikuwa amerudi kutoka machimbo ya Geita akiwa halali usiku, anajibu sauti ambazo sisi hatuzisikii. Baba aliogopa jambo moja tu: wageni wakimwona, watasema ukoo wetu una kichaa, na ndoa itavunjika. Mimi nami, mwanangu, nilinyamaza. Nilitaka kuolewa.

Shangazi yetu Kabula akafika, akawekewa kiti, akakikataa.

"Maduhu yuko wapi?"

"Amesafiri," baba akasema.

"Amesafiri pekupeku? Si viatu vyake vile mlangoni?" Wakwe walikuwa wameshaketi, wanasikia kila kitu. "Akiugua malaria mnamlaza kitandani. Akiugua akili mnamlaza na pamba? Sikai mpaka aje."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Maduhu akaletwa, pamba imemganda kwenye nywele. Kisha mzee mmoja wa upande wa pili akamsogezea kiti.

"Mwangaluka, baba."

Maduhu akaitikia salamu vizuri kabisa, akaketi. Yule mzee akatugeukia. "Hata kwetu yupo mmoja. Leo tumemwacha nyumbani, tukiwaogopa ninyi."

Basi, nikaolewa. Mume wangu ndiye yule anayekoroma barazani.

Sasa baba yako, ndugu yetu mwingine, alikuwepo siku ile! Nyama alikula, maneno ya shangazi aliyasikia. Leo ananipigia simu, eti Jumamosi wageni wako wa mahari wakija, kaka yako Jilala apelekwe Buseresere kwa mjomba "akapumzike". Apumzike na nini? Tangu aanze dawa za hospitali Jilala analala, anakula, na ng'ombe wenu anachunga yeye. Hospitali ipo, dawa zipo, kila mtu ana simu mkononi, na bado mnaficha mtu kama chupa ya gongo! Nimechoka, mwanangu. Nimechoka kweli.

Sikia. Mtu akianza kukosa usingizi, akijitenga, akiongea peke yake, acheni kuulizana nani kamroga. Mpelekeni hospitali mapema. Dawa asiache kwa sababu jirani kasema amepona. Na yule ana jina, si "chizi wenu". Halafu wewe, nilipolala kwenu nilikuona unampita asubuhi kama unapita nguzo. Ni mkubwa wako yule. Mpe shikamoo yake, ugonjwa haukumgeuza kuwa mdogo wako.

Jumamosi nitafika mapema. Nisipokiona kiti cha Jilala mbele, pale anapostahili kaka wa binti, mimi sikai, na unajua shangazi asipokaa hakuna mahari inayopangwa. Mungu akujalie mume mwema, mwanangu, na nyumba ambayo mgonjwa wake hafungiwi mlango.