Sinagogi la Mikono Miwili

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuja likizo kutoka chuo kikuu, na baba akanitangaza kijiji kizima cha Mwamkulu kuwa injinia. Nilikuwa nasoma historia. "Chuo ni chuo," alisema, akanikabidhi kamba ya kunyooshea ukuta.

Baba na kaya chache walikuwa wamejitenga na kanisa kubwa ili washike Sabato. Waliposhindwa kuenea sebuleni kwetu, wakaamua kujenga, na jengo wakaliita sinagogi, kwa kuwa Yesu mwenyewe alisali kwenye sinagogi. Kipimo nacho kikawa cha Biblia: dhiraa, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Upana, dhiraa kumi na mbili. Walichosahau kuamua ni mkono wa nani.

Upande wa mbele alipima baba, mtu mfupi. Kisha malaria ikamlaza, na wa nyuma akapima mjomba, kaka yake mama, mwenye mikono ya kukamua ng'ombe wawili kwa mpigo. Mimi injinia nilisimama mlangoni nikaona kuta za ubavuni zimenyooka safi. Zilitanuka kule mbali, ambako macho huona kuta zinabanana, kwa hiyo zikanidanganya vizuri. Nilifurahi hadi nikawahutubia juu ya mahekalu ya Wagiriki.

Boriti zote tulizikata kwa upana wa mbele. Siku ya kupaua, za mbele zilikaa sawasawa. Kuanzia katikati, ncha zikaanza kuishia hewani. Na mawingu yalishajaa upande wa Sitalike. Tofali zetu zilikuwa mbichi. Mvua moja tu ingezirudisha kuwa tope, na kanisa kubwa lote lilikuwa linangoja kucheka.

"Shemeji, ule ni mkono au mpini wa jembe?" baba alifoka.

"Na wako je? Fisi alikubakizia huo?"

"Musa alikuwa na mkono wa kawaida!"

"Ulimpima lini?"

Kwa hasira mjomba akapanda rundo la tofali, akaidaka ncha ya boriti begani. "Si hii hapa? Kwangu imefika!"

Baba alimkodolea macho, kisha akapiga kelele: "Usitoke! Shemeji, hapohapo, usitoke! Nyie, leteni nguzo!"

Tulikimbia kama tunafukuzwa. Nguzo zikasimama safu nzima kwa ndani, kando ya ukuta, boriti zikalala juu yake, fito zikaziba pengo, nyasi zikashushwa hadi nje. Nikatamka kitaalamu kwamba masinagogi ya kale yalikuwa na nguzo. Ni kweli yalikuwa nazo. Nilikuja kusoma baadaye.

Mvua ilishuka Sabato iliyofuata, katikati ya wimbo. Baba aliacha mimbari, akazunguka akipapasa kuta mpaka ule wa nyuma ya nguzo, akaubandika viganja vyote viwili.

"Kavu!" alipiga kelele. "Kavu, shemeji!"

"Tumesikia," mjomba akajibu. "Rudi uhubiri."

Hakurudi. Alianza kuruka palepale ukutani, na mama akapandisha wimbo juu zaidi.