Aliniambia ni Uzee wa Vidole

Nyinyi vijana mnaokaa barazani kwangu na simu mkononi, mkibishana gita lipi ni la kweli na lipi ni feki, someni haya mpaka mwisho ndipo mbishane. Nawasikia. Mmoja anasema la Kichina halifai, plaiwudi tupu, likipigwa na jua linajikunja kama chapati. Mwingine anasema lake ni orijino kwa sababu mwuzaji alimwapia. Mwuzaji! Mimi sikudanganywa na mwuzaji. Mwuzaji nisingemwandikia hata mstari mmoja.

Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu.

Gita langu ni gita kavu, halina umeme. Lilikuwa la mume wangu. Alilinunua kwa mtu wa Masasi likiwa limechakaa, na ule ubao mwembamba unaolala juu ya shingo, ambapo vidole vinakandamiza nyuzi, ulikuwa umepasuka. Akaung'oa, akautupa. Alikuwa na kipande cha mpingo alichokitunza ndani siku nyingi, mweusi tii, akakipeleka kwa mchongaji wa vinyago, wakakaa wawili wakauchonga ubao mpya. Mpingo ni mti mkaidi. Unamaliza meno ya msumeno, unamtoa fundi jasho. Lakini ukishakubali umekubali, na gita linatoa sauti safi, kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya bonde.

Mume wangu alipiga solo, akataka mtu wa kumpigia rithim. Nikamwambia mwanamke na gita wapi na wapi. Akasema, "Vidole vinavyomenya muhogo kutwa nzima vinashindwaje na nyuzi sita?" Nikajifunza. Kidole chake kimoja kilikuwa kimekatwa na panga shambani, ukucha ukaota umepinda, mgumu kama kwato. Ukucha ule ulichimba kishimo kwenye ubao, juu kabisa karibu na kichwa cha gita. Alipofariki, kila nilipopiga kidole changu kilipita pale. Sikumwambia mtu.

Tukabaki watu watatu wa Jumamosi alasiri. Mimi rithim. Mdogo wangu wa kiume, tumbo moja, anayekaa Makote, akapiga solo. Yeye ndiye fundi wetu, nyuzi zikikatika anaunga, spika ikikoroma anaifungua. Wa tatu Mngoni mmoja, dereva wa malori aliyestaafu, mke wake mtu wa Lupaso. Anapiga besi aliyoiunganisha kwenye redio kuukuu. Huyo ni mtani wangu, kama Wangoni wote walivyo kwetu Wamakonde, na mdomo wake hauna mlango.

Hatukuwa bendi. Tulipiga kidogo, tukaongea sana.

"Nyuzi hizo umezitoa wapi?" Mngoni alikuwa akimwuliza mdogo wangu.

"Masasi. Mpya kabisa, zimo kwenye karatasi yake."

"Karatasi ndiyo mpya. Nyuzi ni waya wa breki wa baiskeli."

"Na besi yako je? Inakohoa kama mgonjwa wa kifua."

"Inakohoa kwa ukungu wenu huu. Songea ilikuwa inaimba."

Hivyo mpaka jua linazama.

Masika moja ukungu uling'ang'ania Newala, nguo hazikauki, chumvi inalowa mezani. Ubao wa gita langu ukaachia gundi upande mmoja, ukanyanyuka, nyuzi zikawa zinagongagonga. Mdogo wangu akaushika, akausugua kwa kidole gumba.

"Dada, niachie hili. Nitalirudisha kama siku shemeji alipolileta."

Nikampa. Ningempa nani mwingine? Kwetu mjomba si mtu wa pembeni. Mume wangu alipokufa, yeye ndiye aliyesimama na wanangu, yeye ndiye aliyepokea posa za binti zangu. Neno lake likishatoka, nyumba inatulia.

Alikaa nalo mpaka mvua zikaisha. Alipolirudisha liling'aa kuliko zamani, ubao mweusi unaweza kujitazama uso. Kile kishimo sikukigusa tena, nikadhani amekiziba ili ubao uwe kama mpya. Nikamshukuru mbele ya wanangu wote, nikamwombea kwa Mungu.

Jumamosi hiyo Mngoni akalichukua, akapitisha kidole kwenye ubao, akakinusa.

"Bibie, hii ni mbao ya jeneza. Wameipaka dawa ya viatu."

"Nenda zako! Mngoni anajua nini habari za mpingo? Babu zako walipokuja huku waliangalia mbuzi wa kuiba, hawakuangalia miti."

"Sawa. Ila ukienda harusini usivae nyeupe."

Tukacheka sote. Mdogo wangu alicheka kuliko wote.

Mnajua utani ulivyo. Mtani anazuia jeneza mlangoni, anavaa nguo za marehemu, na wafiwa wanacheka machozi yakiwatoka. Neno lake halibebwi ndani ya nyumba. Nami nikaliacha hapohapo barazani. Jumamosi iliyofuata akasema tena, na nyingine tena. "Jeneza limeamkaje leo?" Nikawa namtafutia tu tusi la kumjibu.

Lakini vidole vyangu vikawa vinatoka vyeusi. Mdogo wangu akasema ni mafuta ya kutunzia mti, yatakwisha. Khanga zangu zikawa na madoa, binti yangu ninayekaa naye anazifua, hasemi kitu. Na sauti ya gita ikawa kama ya mtu anayeongea kajifunika shuka. Nikakaza vidole. Nikabadilisha namna ya kukaa. Nikaona nimwulize fundi wetu. Mdogo wangu akanishika mkono, akavikunjua vidole kimoja kimoja, kwa upole kama daktari.

"Ni uzee, dada. Vidole vimeisha nguvu. Wewe piga zile nyepesi, ngumu niachie mimi."

Nikamwamini. Nyimbo za mume wangu ni ngumu zote, zina kupanda na kushuka. Nikaziacha mmoja mmoja, kama mtu anayegawa nguo zake akiwa bado hai. Nilikuwa nikipika natazama mikono yangu, nasema, basi, na nyinyi mmeondoka. Siku hizohizo gita la mdogo wangu likaanza kuimba. Hata jirani alikuja kuuliza limepatwa na nini.

"Nyuzi tu," alisema. "Safari hii nimepata nyuzi nzuri."

Nikamsifu kwa kinywa changu.

Korosho zilipouzwa, harusi zikawa nyingi. Mngoni akatuombea nafasi Lupaso kwa jamaa wa mkewe, tupige kidogo mchana wakati watu wanakula. Binti yangu akatusindikiza. Jua la kule chini ya mlima halina huruma. Turubai lilikuwa la plastiki, chini yake kama ndani ya sufuria. Jasho likanitoka mpaka viganjani, na lilipofika kwenye ubao likaanza kutiririka jeusi, kwenye kifundo cha mkono, kwenye gauni. Nikashika upindo wa khanga nikaufuta ubao, nikaukandamiza kwa nguvu.

Weusi ukabaki kwenye khanga. Chini yake ukatokea mti mweupe-mweupe, wenye vinyweleo. Mkorosho. Sihitaji kuambiwa, nimeupasua kuni maisha yangu yote.

Mimi Mmakonde. Nimekua kati ya wachongaji, najua tangu sijaota meno ya pili kwamba mtu mwongo huchukua mti mwepesi, akaupaka dawa ya viatu, akawauzia wageni kuwa ni mpingo. Wageni ndio wanaofanyiwa hivyo. Nikakaa pale nikijiuliza mimi nimekuwa mgeni wa nani.

Mdogo wangu alikuwa ameitwa kula. Gita lake limelala kwenye kiti. Nikalichukua, sikulitazama, nikapeleka mkono tu. Kidole changu kikaingia kwenye kile kishimo cha ukucha.

Nikapiga. Nikachukua wimbo mmoja wa zile nilizoziacha, ule mgumu kuliko zote, nikaupiga wote. Vidole havikukosea. Havikuchoka. Watu wakageuka na sahani zao mkononi kumtazama bibi kizee.

Nilipomaliza nikamtazama Mngoni. Hakuwa anacheka.

"Ulijua," nikasema.

"Nilikuambia, bibie."

"Ulikuwa unatania!"

"Kwako mimi nina mdomo gani mwingine? Nije kwa uzito niseme ndugu yako amekuibia, kesho mkipatana, nani atanikaribisha barazani? Nilisema kwa mdomo nilio nao. Nilisema kila Jumamosi."

Ni kweli alisema.

Binti yangu akanigusa bega. "Mama, twende nyumbani tukaongee."

Kwa sauti ile nikajua. "Na wewe?"

Akatazama chini. "Niliwapelekea mboga Makote wakati wa masika. Nikamkuta anauranda ubao wa baba. Akaniambia nisikuumize."

"Na wenzako?"

"Niliwaambia. Tunajua sote. Mama, ni mjomba."

Sote. Kila Jumamosi walikuwa wanatuletea chai, wanasimama pale na sinia, wananisikia nikiuliza vidole vyangu vimekuwaje, wanakusanya vikombe, wanarudi jikoni.

Mdogo wangu akaja anajifuta mikono. Akaona gita lake lipo mapajani mwangu, na langu limelala limechujuka. Hakukana. Hilo nampa.

"Dada, hapa si mahali pake."

"Ndipo hapa. Sema."

Akavuta kiti, akaongea chini chini. "Wewe unapiga rithim. Mpingo ule kwa rithim unapotea bure. Mimi sauti ile nimeitamani tangu shemeji yuko hai. Ningekuomba ungenipa?"

"Ningekukatalia."

"Basi."

"Na vidole vyangu? Hivyo navyo ulivitamani?"

Akasema, "Ulikuwa unauliza kila wiki. Ilibidi niseme kitu. Hata ile rangi niliipaka ili usiumie."

Niliposikia hivyo nilitaka kumpiga. Yeye ni mtu mzima mwenye mvi, nami nilimbeba mgongoni.

"Uurudishe."

"Haurudi, dada. Nimeuranda pembeni ukae kwenye shingo yangu, kwako sasa utapwaya. Na gundi niliyotia, ukiung'oa unapasuka."

Nikamrudishia gita lake. Harusi ilikuwa ya watu, bibi harusi hakunikosea. Tukapiga nyimbo mbili zilizobaki, mimi na ubao wangu wenye mabaka, wakashangilia solo yake. Njiani kurudi nilikaa mbele na dereva wa gari tulilokodi, sikugeuka nyuma.

Siku zile sikuweza kulala vizuri, na haikuwa kwa ajili ya mti. Mti ni mti. Mwizi angebeba gita zima akaniachia vidole vyangu. Huyu alinikalisha kwenye baraza yangu, akanishika mkono, akanifundisha kuwa kizee kabla sijawa, na nyumba nzima ikamsaidia kwa kunyamaza. Mwanangu mkubwa alikuja kuniambia, "Mama, mjomba ametulea." Nikamwambia najua, mimi ndiye niliyempa ruhusa ya kuwalea. Akauliza basi tufanye nini. Nikamwambia awaite wenzake.

Wakakusanyika uani, watoto na wajukuu, hakuna aliyethubutu kukaa. Binti yangu akaanza kulia, nikamwambia alie baadaye. Nikaliweka gita juu ya mkeka katikati yao, nikawaambia hivi:

"Leteni msasa. Sugueni ubao wote mpaka uwe mweupe, asibakize mtu weusi hata kwenye kona. Jumamosi mjomba wenu akija, mwamkieni, mpeni kiti, mpeni chakula kama siku zote. Nitakaa mbele yake na mkorosho wangu na nitapiga zile ngumu zote. Na mtu yeyote akiuliza ubao wangu umekuwaje, utajibu wewe, binti yangu, kwa sauti, na mjomba wako akiwa hapohapo anasikia."